Kwa Fadhila za Ahuramazda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maandishi ya Wafalme wa Uajemi ya Kale

Picha ya mwamba wa Behistun, ulioko Iran na wenye maandishi ya mfalme Dario wa Uajemi, ikipita mtandaoni, maswali yanayofuata ni yale yale. Dario alikuwa nani? Kwa nini aliandika kwa lugha tatu? Na huyo Ahuramazda anayetajwa kila baada ya mistari michache ni mungu gani? Nimeyakusanya hapa kwa mafungu, kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yenye ubishi. Ukikuta nimeandika "tazama swali la 6", jibu liko huko, sikutaka kulirudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Maandishi haya ni yapi hasa, na yako wapi?

Ni matangazo ya wafalme wa ukoo wa Akhaimeni, walioitawala Uajemi tangu Koreshi alipoinuka katikati ya karne ya 6 KK hadi Aleksanda wa Makedonia alipoiteketeza Persepolis mwaka 330 KK. Yalichongwa kwa mwandiko wa kikabari, yaani wa alama zenye umbo la kabari, kwenye miamba, kuta za majumba, nguzo, makaburi, sanamu, na mabamba ya dhahabu na fedha yaliyofukiwa chini ya misingi.

Mengi yako Iran: Behistun karibu na Kermanshah, Persepolis na makaburi ya Naqsh-e Rostam karibu na Shiraz, Susa upande wa kusini-magharibi, na Ganjnameh karibu na Hamadan. Mengine yako mbali zaidi. Xerxes aliandika kwenye mwamba wa Van, ambao leo uko Uturuki, na Dario alisimamisha mawe kando ya mfereji aliouchimba Misri. Kwa kawaida lugha ni tatu, yaani Kiajemi cha Kale, Kielami (lugha ya Elam, nchi ya upande wa Susa) na Kibabeli.

2. Wafalme hawa ndio wale wa kwenye Biblia?

Ndiyo, kwa sehemu kubwa. Koreshi wa kitabu cha Ezra ndiye Koreshi aliyeuteka Babeli mwaka 539 KK. Dario anayetajwa Ezra 4 hadi 6, hekalu lilipokuwa likijengwa upya, ndiye Dario wa Behistun. Ahasuero wa Esta kwa kawaida hutambuliwa kuwa Xerxes, mwanawe Dario. Artashasta ni jina la wafalme kadhaa wa ukoo huo. "Dario Mmedi" wa kitabu cha Danieli ni jambo jingine, usimchanganye na huyu.

Mwanzo wa kitabu cha Esta unasema Ahasuero alitawala toka Bara Hindi mpaka Kushi. Mabamba ya dhahabu na fedha yaliyofukuliwa mwaka 1933 chini ya ukumbi mkuu wa Persepolis yanaeleza mipaka ya ufalme wa Dario karibu kwa namna hiyo hiyo: kutoka kwa Wasaka walio ng'ambo ya Sogdiana, huko Asia ya Kati, hadi Kushi, na kutoka Hindi hadi Sardi. Kisha anamalizia kwamba ufalme huo amepewa na Ahuramazda, mkuu kuliko miungu yote. Kwa hiyo Afrika imo katika sentensi ile ile inayotaja fadhila ya Mungu.

3. Kwa nini lugha tatu, na kwa nini hizi?

Kila moja ilikuwa na heshima yake. Kielami kilikuwa lugha ya makarani wa nyumbani kwa mfalme. Maelfu ya vibao vya hesabu vilivyopatikana Persepolis vimeandikwa kwa lugha hiyo. Kibabeli kilikuwa na ukongwe, kwani wafalme wa Mesopotamia walikuwa wameandika sifa zao kwa lugha hiyo na ndugu zake kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Kiajemi cha Kale kilikuwa lugha ya mfalme mwenyewe, na hakikuwa na mwandiko hadi ulipobuniwa kwa ajili yake. Huko Behistun Dario anajivunia jambo hilo: ametengeneza aina mpya ya maandishi kwa Kiarya, yaani lugha yake hiyo ya Kiajemi, ambayo haikuwapo kabla.

Kiaramu ndicho kilichobeba barua za serikali kutoka Misri hadi Asia ya Kati, lakini kiliandikwa kwa wino kwenye ngozi na mafunjo, kwa hiyo hukioni kwenye miamba hiyo.

4. Nani aliweza kuyasoma?

Pale penyewe Behistun, hakuna. Mchongo uko juu mno kwenye mwamba. Msafiri wa barabara ya kutoka Babeli kwenda Ekbatana (Hamadan ya leo) aliiona picha ya mfalme na mateka wake, asisome hata neno. Maandishi yaliyofukiwa chini ya msingi ndiyo kabisa, maana yaliandikwa ili yasomwe na miungu, na wafalme wa baadaye watakaobomoa jengo.

Lakini ujumbe ulitembea. Dario anasema aliupeleka kila mahali katika nchi zake, na ushahidi tunao. Nakala ya Kiaramu, iliyoandikwa kwenye mafunjo karne ya 5 KK, imepatikana Elefantine, kisiwa cha mto Naili kusini mwa Misri, mahali palipokuwa na kikosi cha askari Wayahudi. Vipande vya nakala ya jiwe vimepatikana Babeli. Wengi waliupokea kwa masikio, ukisomwa na karani na kufasiriwa papo hapo.

## Fadhila yenyewe

5. "Vashna Auramazdaha" maana yake nini?

Haya ndiyo maneno yanayobeba kila kitu. Dario hasemi "nilishinda" peke yake. Husema *vashna Auramazdaha* nilishinda, *vashna Auramazdaha* mimi ni mfalme, *vashna Auramazdaha* nchi hizi zilinitii. Behistun peke yake, maneno haya yanarudi makumi ya mara.

Wataalamu wengi hulihusisha neno *vashna* na mzizi wenye maana ya kutaka au kupenda, na wapo wanaolisoma kuwa "kwa ukuu" au "kwa uwezo". Kwa Kiswahili tuna maneno mengi ya kuchagua, na kila moja linavuta upande wake. "Neema" limezoea kanisani na huleta wazo la msamaha wa dhambi, ambalo halimo humu. "Majaliwa" ni zuri, lakini "panapo majaliwa" husemwa na anayengoja lisilojulikana, na Dario anasimulia yaliyokwisha kutokea. "Ridhaa" ni baridi kidogo, kama ya mtu anayeruhusu tu jambo lipite. Mimi huchagua "fadhila", kwa sababu aliyefadhiliwa anakiri kwamba kuna aliyemtendea, na anawajibika kulisema hadharani. Hicho ndicho anachofanya Dario kwenye jiwe.

Kuna neno moja ambalo halifai, nalo ni "bahati", ingawa ndilo lenye damu ya Kiajemi. Limetufikia kutoka *bakht* ya Waajemi, iliyopita pia kwenye Kiarabu, na asili yake ni fungu alilogawiwa mtu. Mzizi huo wa kugawa ndio uliozaa *baga*, neno la Kiajemi cha Kale la "mungu". Ila bahati yetu ya leo humwangukia yeyote bila sababu. Fadhila ya Ahuramazda ilikuwa na sababu (tazama swali la 8).

6. Kielami na Kibabeli viliyatafsirije maneno hayo?

Hapa ndipo nawasihi watu wapunguze mwendo. Wengi husoma tafsiri ya Kiajemi cha Kale tu na kuyaona matoleo mengine mawili kama nakala za ziada, na hivyo wanaupoteza utamu wote.

Kielami kinasema *zaumin Uramasdana*. Neno *zaumin* wataalamu wengi hulihusisha na kazi au juhudi, kana kwamba mungu mwenyewe ametoa jasho. Kibabeli kinasema *ina silli sha Ahuramazda*, yaani katika kivuli cha Ahuramazda. Mesopotamia ni nchi ya jua kali, na huko kivuli cha mungu au cha mfalme kilikuwa jina la ulinzi tangu zamani. Anayejua Kiarabu atalitambua neno hilo mara moja, kwani *dhill*, kivuli, ni ndugu yake wa damu. Na aliyezoea Zaburi ya 91 anakumbuka mtu akaaye katika uvuli wake Mwenyezi.

Kwa hiyo mfalme ni mmoja na ushindi ni mmoja, ila kwa sikio la Mwajemi ni matakwa ya mungu, kwa sikio la Mwelami ni juhudi yake, na kwa sikio la Mbabeli ni kivuli chake. Makarani hawakuhamisha neno kwa neno. Kila mmoja alitafuta mlango ambao watu wake walizoea kupitia walipozungumza juu ya msaada wa mungu. Mtu yeyote aliyewahi kufasiri hotuba mkutanoni anaijua kazi hii.

7. Mfalme wa Uajemi alijiita mungu?

Kwa lugha hizo tatu, hapana. Maandishi ya kaburi la Dario huko Naqsh-e Rostam yamepangwa kwa hatua: Ahuramazda ni mungu mkuu, aliyeiumba dunia hii, aliyeiumba mbingu ile, aliyemuumba mwanadamu, aliyemuumbia mwanadamu furaha, aliyemfanya Dario kuwa mfalme. Ufalme unakuja wa mwisho katika orodha ya uumbaji. Mfalme ni kitu kilichofanywa, kama ardhi na anga. Wadhifa wake ni mkubwa kupita kiasi, ila yumo upande wa viumbe.

Misri ni habari nyingine (tazama swali la 13), na Wasasani, ukoo ulioitawala Uajemi karne nyingi baadaye, pia (swali la 18).

8. Fadhila hii ilitolewa bure, au ilikuwa na sharti?

Dario anatoa sababu waziwazi karibu na mwisho wa maandishi ya Behistun. Ahuramazda alimsaidia, yeye na miungu mingine iliyopo, kwa kuwa hakuwa mwasi, hakuwa mfuasi wa Uongo, hakuwa mtenda dhuluma, yeye wala jamaa yake. Alikwenda kwa haki, hakumdhulumu mnyonge wala mwenye nguvu.

Kwenye kaburi lake anarudi hapo hapo kwa kirefu. Hapendi mnyonge atendewe ubaya na mwenye nguvu, wala mwenye nguvu atendewe ubaya na mnyonge. Si mwepesi wa hasira. Moto ukimpanda moyoni huutawala. Sisi tunao msemo "mwenye nguvu mpishe", na dunia ya Dario ilifanya kazi hivyo pia, lakini mfalme alitaka akumbukwe kwa kinyume chake. Hata kuhukumu kwake bila kuegemea upande alikuhesabu kuwa kipaji cha Ahuramazda.

Usisahau kwamba tunasikia ushahidi wa upande mmoja. Aliyeshinda ndiye anayesema alishinda kwa sababu ni mwema. Majirani walioshindwa hawakupewa mwamba.

9. "Uongo" unaotajwa sana ni nini?

Kiajemi cha Kale kinauita *drauga*, na ni zaidi ya kusema lisilo kweli. Ni nguvu inayovunja utaratibu wa dunia. Dario anasema Cambyses, mwana wa Koreshi na mfalme aliyemtangulia, alipokwenda Misri, Uongo ulienea katika nchi. Kila mwasi anatajwa kwa fomula moja: alidanganya, alisema "mimi ni fulani, mwana wa fulani". Katika sala iliyochongwa kwenye ukuta wa Persepolis, Dario anamwomba Ahuramazda ailinde nchi dhidi ya mambo matatu: jeshi la adui, njaa, na Uongo. Vita na njaa kila mtu anavielewa. Kuweka Uongo kando yao kunatuonyesha aliuogopa kiasi gani.

10. Je, Dario mwenyewe alikuwa anasema kweli kuhusu Gaumata?

Kisa chake ni hiki. Cambyses alimuua kwa siri ndugu yake Bardiya. Kuhani mmoja, Gaumata, akajifanya ndiye Bardiya na kutwaa ufalme. Hakuna aliyethubutu kusema neno, mpaka Dario alipomwomba Ahuramazda msaada, naye pamoja na watu wachache wakamuua Gaumata, mwishoni mwa Septemba 522 KK.

Wanahistoria wengi wanashuku kwamba aliyeuawa alikuwa Bardiya halisi, mwana wa Koreshi, na kwamba "Gaumata" alibuniwa ili kuifunika damu hiyo. Mimi naona shaka hiyo ina uzito. Mara tu Dario alipokaa kitini nchi ziliasi karibu pande zote, na yeye mwenyewe anasema alipigana vita 19 na kuwakamata wafalme 9 katika mwaka mmoja. Aliyepokewa kwa moyo mmoja hapigani vita 19.

Hapo ndipo maneno ya fadhila yanapopata kazi. Dario hakuwa mwana wa mfalme. Baba yake, Hystaspes, alikuwa hai na hakuwahi kutawala. Kwa urithi wa kawaida hakuwa na hoja nyepesi, ndiyo maana anashika vitu viwili kwa nguvu: ukoo wake hadi kwa babu Akhaimeni, na mungu aliyempa. Simulizi ya Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, inayosema mfalme alichaguliwa kwa farasi aliyelia wa kwanza jua lilipochomoza, haimo kabisa kwenye mwamba.

11. Yule mtu mwenye mabawa anayeelea juu ya mfalme kwenye michongo ni nani?

Wengi wanamsoma kuwa Ahuramazda mwenyewe. Wengine wanaona ni utukufu wa kifalme, ule ambao Avesta, maandiko matakatifu ya Wazoroasta, huuita *khvarenah* na Kiajemi cha baadaye *farr*. Maandishi hayamtaji popote kwa jina. Huko Behistun anamnyoshea Dario pete, na Dario ameinua mkono kuelekea kwake.

Neno *farr* lenyewe halionekani kama mafundisho katika maandishi ya Waakhaimeni, bali limejificha ndani ya majina ya watu. Mmoja wa wenzake sita Dario, wale waliomuua Gaumata pamoja naye, aliitwa Vindafarna, "mwenye kuupata utukufu".

## Mungu yupi, kwa lugha ipi?

12. Koreshi alichaguliwa na nani: Marduk, Mungu wa Israeli, au Ahuramazda?

Inategemea unamsikiliza nani. Silinda ya udongo iliyofukuliwa Babeli mwaka 1879, ambayo sasa iko British Museum, imeandikwa kwa Kibabeli pekee. Inasema Marduk, mungu wa mji ule, alimkasirikia mfalme Nabonidus, akazitafuta nchi zote apate mtawala mwadilifu, akamshika Koreshi mkono na kumwita kwa jina lake. Isaya 45 nayo inasema BWANA amemshika Koreshi mkono wa kuume na kumwita kwa jina lake, na inamwita masihi wake. Ezra 1 inamnukuu Koreshi akisema Mungu wa mbinguni amempa falme zote za dunia.

Kufanana huku si ajabu. Kushikwa mkono na kuitwa kwa jina ndiyo ilikuwa lugha ya uteuzi wa kifalme katika nchi zile, na kila jamii iliitamka kwa jina la Mungu wake. Ahuramazda hatajwi katika andiko lolote la kuaminika la Koreshi. Maandishi mafupi ya lugha tatu yaliyoko Pasargadae, "Mimi ni Koreshi, mfalme, Mwakhaimeni", wengi wanaona yaliwekwa na Dario, kwa sababu mwandiko wa Kiajemi cha Kale ulikuja baada ya Koreshi.

13. Huko Misri mfalme wa Uajemi alijitambulishaje?

Kama farao. Cambyses alitungiwa jina la kifalme lenye maana ya "mzao wa Ra", na aliyelitunga, ofisa Mmisri Udjahorresnet, ameacha habari hiyo kwenye sanamu yake iliyoko Vatikani.

Mfano bora ni sanamu ya Dario iliyofukuliwa Susa mwaka 1972, na leo iko jumba la makumbusho la taifa huko Tehran. Kichwa kimepotea. Amevaa kanzu ya Kiajemi, na juu ya mikunjo ya kanzu hiyo imechongwa kabari ya lugha tatu: Ahuramazda ndiye mungu mkuu, na sanamu hii Dario aliamuru ifanywe Misri ili atakayeiona ajue kwamba Mwajemi ameishika Misri. Upande wa hieroglifi hakuna Ahuramazda. Huko Dario ni mungu mwema, Bwana wa Nchi Mbili, aliyekubaliwa na Atum wa Heliopolis. Kwenye kitako wamechongwa watu wa nchi 24 wakiwa wamepiga magoti, viganja vimeinuliwa, na Kushi wamo. Kitu kimoja cha mawe kinamwambia Mwajemi kwamba Misri imeshikwa, na kinamwambia Mmisri kwamba farao wake amepatikana.

14. Kwa hiyo matoleo ya lugha mbalimbali hayasemi kitu kile kile?

Mara nyingi yanakaribiana sana, na tofauti ni ndogo lakini zenye maana. Toleo la Kielami la Behistun linapomtaja Ahuramazda mahali fulani linaongeza "mungu wa Waarya", maelezo ambayo Mwajemi hakuyahitaji. Katika vipande vya nakala ya Babeli, mahali pa Ahuramazda inaonekana waliweka Bel, yaani Marduk.

Na wakati mwingine hayakukusudiwa kulingana kabisa. Kwenye ukuta wa kusini wa jukwaa la Persepolis kuna maandishi manne yamepangwa pamoja: mawili ya Kiajemi cha Kale, moja la Kielami, moja la Kibabeli. Hakuna hata moja lililo tafsiri ya jingine. La Kielami linazungumzia ujenzi wa ngome pale ambapo hapakuwa na ngome kabla.

15. Je, waliwalazimisha watu kumwabudu Ahuramazda?

Vibao vya Persepolis vya miaka ya 509 hadi 493 KK vinajibu vizuri kuliko tangazo lolote. Ni risiti za ghala. Zinaonyesha serikali ya Dario ikitoa nafaka na divai kwa ajili ya sadaka za miungu mingi, na Humban, mungu wa Waelami, alipata zaidi ya Ahuramazda, tena nyumbani kabisa kwa mfalme.

Lakini kuna andiko la Xerxes lililopatikana Persepolis mwaka 1935. Anasema katika nchi mojawapo walikuwa wakiabudu *daiva*, miungu ya uongo, naye kwa fadhila za Ahuramazda akapavunja pale mahali na kutangaza kwamba *daiva* wasiabudiwe. Nchi hiyo haitaji. Wengine wanalisoma kama tukio halisi, wengine kama tamko la jumla kwamba uasi na ibada potovu ni kitu kimoja. Naelekea kwa hawa wa pili, kwa kuwa hata Dario alipowasimulia waasi wa Elam na Wasaka aliwalaumu kwa kutomwabudu Ahuramazda. Kosa lililowaletea jeshi lilikuwa uasi.

16. Silinda ya Koreshi ni tamko la kwanza la haki za binadamu?

Hapana, ingawa nakala yake imewekwa makao makuu ya Umoja wa Mataifa huko New York. Jina hilo lilivuma mwaka 1971, Shah Mohammad Reza Pahlavi alipoadhimisha miaka 2,500 ya ufalme kule Persepolis na kuifanya silinda kuwa nembo ya sherehe. Andiko lenyewe ni la msingi wa jengo, kwa mtindo wa kale wa Babeli: mfalme mpya anamsifu mungu wa mji, anamlaumu mtangulizi, anarudisha sanamu za miungu kwao na watu makwao. Wayahudi na Yerusalemu hawatajwi. Lina thamani yake kubwa bila kuvikwa joho la karne ya 20.

## Kurithiana na mabadiliko

17. Fadhila iliamua nani arithi kiti?

Hivyo ndivyo Xerxes alivyosema. Katika andiko moja la Persepolis anakiri kwamba Dario alikuwa na wana wengine, ila Ahuramazda alipenda hivi: Dario akamfanya yeye kuwa mkuu baada yake. Chaguo la baba na matakwa ya mungu yamewekwa pamoja, na mwana mwingine akibisha amebishana na wote wawili.

Huko Van, Xerxes anasema kwamba baba yake aliamuru mahali pachongwe mwambani lakini hakuandika kitu, ndipo yeye akaandika. Ni maneno machache tu. Nayapenda kwa sababu yanaonyesha mwana akimalizia kazi ya baba bila kumnyang'anya sifa.

Baadaye Artashasta wa Pili alianza kutaja watatu: Ahuramazda, Anahita na Mithra. Kabla yake miungu mingine ilitajwa kwa jumla tu.

18. Wasasani waliendeleza desturi hii?

Ndiyo, baada ya zaidi ya miaka mia tano, na pale pale Naqsh-e Rostam, chini ya makaburi ya wafalme wa kale. Ardashir wa Kwanza amechongwa juu ya farasi akipokea pete kutoka kwa Ohrmazd (ndiye Ahuramazda kwa lugha ya wakati huo), naye pia yuko juu ya farasi, na majina yameandikwa kwa lugha tatu. Mwanawe, Shapur wa Kwanza, aliandika kwenye mnara wa Ka'ba-ye Zartosht kwa Kiparthi, Kiajemi cha Kati na Kigiriki, akisimulia alivyomteka kaisari Valerian wa Roma mwaka 260 BK.

Tofauti iko kwenye cheo. Shapur anajiita "mfalme wa wafalme wa Iran na wasio Iran, ambaye asili yake yatoka kwa miungu". Dario asingeandika hivyo kwa Kiajemi. "Mfalme wa wafalme" ni cheo kile kile cha kale, na kutoka humo ndipo lilipotoka neno *shahanshah*.

## Maswali ya pembeni

19. Mwandiko huu ulisomwaje tena baada ya kusahauliwa?

Msafiri Carsten Niebuhr alinakili maandishi ya Persepolis mwaka 1765. Mwaka 1802 mwalimu Mjerumani, Georg Friedrich Grotefend, alikisia kwamba fomula inayojirudia lazima iwe "fulani, mfalme mkuu, mwana wa fulani mfalme". Akaona babu mmoja hana cheo cha mfalme, akamtambua kuwa Hystaspes, hivyo wengine ni Dario na Xerxes. Kukosa ufalme kwa Hystaspes, jambo lililomsumbua Dario (swali la 10), ndiko kulikofungua mlango.

Ofisa Mwingereza, Henry Rawlinson, akapanda Behistun kuanzia miaka ya 1830 na kunakili mistari 414 ya Kiajemi cha Kale, kisha ile 112 ya Kibabeli. Kupitia hiyo, maktaba zote za Babeli na Ashuru zilianza kusomeka.

20. Kuna maandishi bandia?

Yapo. Mabamba ya dhahabu yenye majina ya Ariaramnes na Arsames, mababu wa Dario, wataalamu wengi wanayatilia shaka kwa sababu ya lugha yake. Kesi mbaya kuliko zote ni ya Karachi, mwaka 2000, ambako mwili uliotangazwa kuwa wa binti wa Xerxes uligunduliwa kuwa wa mwanamke aliyekufa miaka michache tu nyuma. Bamba la dhahabu kifuani mwake lilikuwa na makosa ya Kiajemi cha Kale. Ukiona andiko halina mahali lilipofukuliwa, kaa nalo mbali.

21. Hawa ndio Washirazi wa pwani yetu?

Hapana. Persepolis ni jirani ya Shiraz kwa ramani, lakini kati ya Dario na mapokeo ya Washirazi kuna zaidi ya miaka 1,500, na katikati yake Uislamu umeingia Uajemi. Andiko la msikiti wa Kizimkazi, Unguja, la mwaka 500 Hijria (1107 BK), ni la Kiarabu kwa hati ya Kikufi. Yaliyovuka bahari kutoka Uajemi ni mengine: maneno kama "bandari", na mwaka mpya wa Nairuzi unaosherehekewa Makunduchi kwa jina la Mwaka Kogwa.

22. Nikitaka kuanza kuyasoma, nianzie wapi?

Usianze na Behistun, ni ndefu na majina ya waasi yatakuchosha. Anza na ufunguzi wa kaburi la Dario, uukariri kwa sauti, kisha utafute matoleo yote matatu uyalinganishe. Kwa Kiswahili mimi huusoma hivi:

*Mungu mkuu ni Ahuramazda, aliyeiumba dunia hii, aliyeiumba mbingu ile, aliyemuumba mwanadamu, aliyemuumbia mwanadamu furaha, aliyemfanya Dario mfalme, mmoja awe mfalme wa wengi, mmoja awe bwana wa wengi.*

Neno nililoliandika "furaha" ni *shiyati*. Linabeba utulivu, neema ya shamba na moyo uliotua kwa pamoja, na limewekwa kabla ya ufalme.